Mama alifundisha darasa la kwanza mpaka anastaafu na hakutaka jengine

Kila nikikutana na watu wa bara wakajua mimi ni Mkatoliki na nimezaliwa Unguja, swali huwa hilo hilo, eti kule mnaishije? Ukiwatizama unaona wanasubiri kisa cha mateso. Nikiwambia mama yangu alifundisha watoto wa Kiislamu kusoma na kuandika kuanzia 1973 mpaka 2012, na siku alipofariki walojaza ile njia yetu ya Kikwajuni mpaka gari zikashindwa kupita ni hao hao na wazee wao, wanahisi nawaficha kitu. Sifichi kitu. Magumu yapo na ntayasema mbele huko. Ila mtu akitaka kujua tunaishije mimi humuelezea mama tu, na leo nimeamua kuandika mana kila Novemba ikifika, mwezi wetu wa kuwaombea marehemu, najikuta namuhadithia mtu mmoja mmoja na nachoka.

Mama kazaliwa Wete, Pemba, 1952. Babu alitoka Unyamwezini akaja visiwani kufanya kazi kwenye mikarafuu kama walivokuja wengi zama za mkoloni, akaoa huko huko Pemba, hakurudi tena. Wakatoliki wa huku ndo tulivo, ukituchambua asili utamkuta Mnyamwezi, Mmakonde, Mgoa, Mshelisheli, na wengine ni vizazi vya watumwa walokombolewa wakalelewa na mapadri wa Roho Mtakatifu tokea walipofika Unguja miaka ya 1860. Hatuko wengi. Kwenye kila watu 100 visiwani, Wakristo wa madhehebu yote ukituweka pamoja hatuzidi 5. Sasa mtu unazaliwa kwenye hali hio, na una njia mbili, ama utembee umejikunja maisha yako yote ama utembee unatafuta ugomvi. Mama alipata njia ya tatu na hakuifundisha kwa mdomo, tumeipata kwa kumuona tu.

Alipokuwa mdogo aliletwa Unguja kukaa kwa shangazi yake ili asome kwa masista pale mjini, ile skuli ambayo baadae ikaja kuitwa Tumekuja. Mapinduzi ya Januari 1964 yakamkuta yuko hapo. Serikali ikazichukua skuli zote na tarehe 23 Septemba mwaka huo huo Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo. Nimewasikia wazee wetu kanisani wakilalamika mpaka uzeeni kuhusu skuli kuchukuliwa, na wana haki yao. Mama hajapatapo kulalamika. Alikuwa anasema babu yetu alikuwa akihangaika ada ya mtoto mmoja na wengine wanne wako nyumbani Wete wanachunga mbuzi, na baada ya 1964 wote watano wakasoma, sasa alie na nini? Tena anaongeza, "Masista walinifundisha kusoma, serikali ikawafundisha wadogo zangu, mimi nna deni pande zote mbili." Ndo akasomea ualimu.

Kazi ya kwanza alipangiwa kijiji kimoja kaskazini ya Pemba, msichana wa miaka 21, Mkristo peke yake kijiji kizima. Alipewa chumba kwa bibi mmoja mjane, tukimwita Bibi wa Shamba mana hata sisi tulikuja kumjua na tulikuwa tukipelekwa kwake likizo. Kanisa lilikuwa Wete, na Jumapili usafiri ukipatikana anakwenda, usipopatikana anasali chumbani. Bibi wa Shamba siku za mwanzo alikuwa anamuuliza, mwanangu mbona leo hukwenda kwenu kusali? Gari hakuna, bibi. Basi yule bibi akaanza kumgombeza dereva. Bibi wa Kiislamu, hajui hata misa inaanza saa ngapi, kila Jumamosi jioni anatuma mtoto kwa dereva akamwambie kesho asimsahau mwalimu. Mama akituhadithia hapa alikuwa anacheka mpaka machozi, anasema nlikuwa hata siwezi kutega tena.

Huko Pemba ndo alijifunza ualimu kwa ukweli, sio chuoni. Msimu wa karafuu darasa linabaki nusu, watoto wako mashambani wanaokota mpeta, zile karafuu zinazodondoka chini, na usiku wako uani na wazee wao wanachambua. Walimu wenzake walikuwa wanasubiri msimu upite. Yeye akawa anakwenda kukaa jamvini nao usiku. Mnakaa duara, chemli katikati, unashika kichala cha karafuu mbichi unakisugua kiganjani, karafuu huku makonyo kule, vidole vinakuwa vyeusi na harufu inaingia mpaka kwenye nywele, haitoki kwa sabuni. Na huku anachambua anauliza, haya, pishi moja vibaba vingapi? Vine! Mama yako kachuma pishi sita, vibaba vingapi? Na mtoto anaejua kuwa mama yake kweli kachuma pishi sita na atalipwa kwa pishi hafanyi makosa hapo. Wazee nao walikuwa wanasikiliza kwa makini sana, mana alokuwa hajui hesabu alikuwa anapunjwa. Mwisho wake wanawake watu wazima wakawa wanamuuliza maswali kuliko watoto.

Akahamishiwa Unguja, akaolewa na baba, fundi wa magari wa serikali, mtu mkimya, tukazaliwa sisi wanne. Baba alifariki tukiwa bado wadogo na mama hakuolewa tena. Hapo sina mengi.

Sasa skuli. Darasa la kwanza skuli za Ng'ambo, yani huu upande wa pili wa mji wetu, enzi hizo watoto 70, 80, wanakaa chini, mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana, na mchana huo huo mtoto anatakiwa awe chuoni kwa ustadhi anasoma Kurani. Walimu wote wanalikimbia darasa la kwanza, kila mtu anataka la sita la saba, wakubwa, unaandika ubaoni unakaa. Mama walimpa cheo mara kadhaa akakataa, alitakiwa awe mwalimu mkuu msaidizi akasema na darasa la kwanza nimuachie nani? Sisi tukiona ujinga mana cheo kina posho na nyumbani palikuwa hapana kitu, tulikuwa tunaishi kwa mshahara unaochelewa na mchezo wa kina mama, zamu yake ikifika ndo tunanunua viatu.

Jinsi alivokuwa anafundisha kusoma naikumbuka mana vifaa tulikuwa tunatengeneza sisi nyumbani. Anakusanya maboksi ya sabuni kutoka dukani, tunakata vipande vipande kwa mkasi, yeye anaandika silabi kwa wino mweusi, ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, zote mpaka zile ngumu za nywa na mbwe. Ila haanzi na ba be bi. Anaanza na jina la mtoto mwenyewe. Siku ya kwanza kila mtoto anapewa vipande vya jina lake, Fatma anapata vyake, Juma anapata ju na ma, anaambiwa hili ni jina lako, ni mali yako, usipoteze. Wiki nzima mtoto anacheza na jina lake. Baadae anamwita Juma na Mariyamu mbele, anachukua ma ya huyu na ma ya yule anaziweka pamoja, haya someni. Mama! Darasa zima linapiga kelele. Wallahi nimeona watu wazima sasa hivi wanasimulia siku ile waliyosoma neno la kwanza na wanakumbuka silabi ilitoka kwenye jina la nani.

Na kulikuwa na habari ya mashoto. Mtoto anaeandika kwa mkono wa kushoto kwetu alikuwa anapigwa, skuli anapigwa, nyumbani anapigwa, mana mkono wa kushoto una kazi zake na tunazijua. Mama aliona watoto hao wanachelewa kusoma sio kwa sababu ni wajinga ila wanaogopa kushika kalamu. Sasa yeye Mkristo, mwanamke, akimwambia mzazi muachie mwanao atumie kushoto, itakuwa maneno. Alichofanya akajifunga mtandio vizuri akaenda kwa ustadhi wa chuo cha mtaani, mzee mkali kweli yule, akakaa barazani akamuuliza kwa adabu, ustadhi mimi sijui dini yenu, nakuja kuuliza, mtoto akila kwa kulia na akaandika kwa kushoto ana dhambi? Mzee akafikiri, akamwambia kula ni kulia, hilo halina mjadala, kalamu sioni tatizo. Basi kuanzia siku hio kila mzazi akija kulalamika mama anamwambia nenda kamuulize ustadhi. Hakubishana na mtu hata mmoja. Mie nimefanya kazi ofisini miaka mingi na watu wenye digrii zao, na bado sijaona mtu anaejua kama yeye wapi pa kwenda kuuliza kwanza kabla ya kuanza kusema.

Kuna wanaosema huo ni woga. Kaka yangu mkubwa mmoja wao. Tumebishana naye sana. Mimi naona mtu muoga hafungi safari kwenda kwa ustadhi mkali.

Imani yake ilikuwa sio ya kuonesha ila huwezi kukaa naye siku moja usiijue. Rozari yake ilikaa mfuko mmoja na chaki, kwahio shanga zilikuwa nyeusi zamani lakini sisi tumezijua ni nyeupe nyeupe za vumbi la chaki. Kutoka nyumbani mpaka skuli ni rozari moja ukienda mwendo wake, akikutana na mtu njiani anasalimia, sabalkheri, hujambo, watoto hawajambo, anaendelea pale alipoachia. Na alikuwa na rejista yake mwenyewe mbali na ile ya skuli, buku la mistari limegeuzwa, majina ya watoto wa darasa, kila siku rozari ya mtoto mmoja. Akimaliza darasa anaanza upya. Hii haikuwa siri. Mama wa watoto walikuwa wanajua na nakumbuka mama mmoja wa Kwahani kaja jioni kabisa, kijana wake anatiwa jando kesho, anasema Mwalimu najua zamu yake bado lakini nifanyie, mtangulize. Na mama akamtanguliza. Ukimuuliza padri sijui angesema nini kuhusu kijana wa Kiislamu kuombewa kwa Bikira Maria jando lake lisiingie vidonda, lakini Bi Mariyamu si yumo hata kwenye msahafu, ana sura nzima kwa jina lake, na kina mama wale walikuwa wanalijua hilo vizuri.

Nyumbani sala ya jioni ilikuwa kabla ya taarifa ya habari, uwe na usingizi usiwe na usingizi. Jumapili misa ya kwanza kanisa la Minara Miwili, tunatoka Kikwajuni bado giza, tunakata Mnazi Mmoja, tunapita Vuga mpaka Shangani, sisi wanne tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa na mama mbele na kitenge chake cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki. Kanisa lile limejengwa miaka ya 1890, kubwa, na enzi zile tulikuwa wachache sana ndani, sauti ya mtu akikohoa nyuma unaisikia altareni. Visiwa vilipofanywa jimbo 1980 na tukapata askofu wetu wenyewe, Askofu Bernard Martin Ngaviliau, mama aliona fahari mpaka akanunua kitambaa kipya cha meza. Na Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Tanzania, Unguja hakufika, basi mama akapanda boti na kina mama wenzake wakaenda Dar kumuona. Alimuona kwa mbali, mdogo sana, anasema ningeweza kumfunika kwa kidole. Akarudi na medali, akaomba radhi skuli kwa kukosa kazini, na wanafunzi wake wakawa wanauliza Mwalimu umemuona mkubwa wenu? Nimemuona. Anaendesha gari gani? Swali la darasa la kwanza hilo.

Ramadhani. Hapa ndo watu wa bara wananisikiliza kwa makini. Kwetu mchana wa Ramadhani hakukuliwa nje, hata andazi, hata ukiwa na miaka mitano. Sio kwamba tulikatazwa na mtu, mama mwenyewe tu alikuwa hataki. Yeye skuli hanywi maji mpaka anarudi, kwa jua lile, na kusema kwingi kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Walimu wenzake wenyewe walikuwa wanamwambia Mwalimu nenda stoo ukanywe maji hutokufuru, anasema nyie mnaweza mimi nna nini? Jioni sahani za futari zinaingia kutoka nyumba tatu nne, na sahani ya watu hairudi tupu, kwahio mama alikuwa anapika mkate wa kumimina usiku kwa ajili ya kurudisha sahani. Nyama yetu Darajani, ya kuchinjwa kihalali kama ya kila mtu, na kitimoto hakijaingia mlango wetu hata siku moja, mana jirani akikupa sufuria yake na wewe ukamuazima yako lazima awe na imani na sufuria yako. Pasaka na Krismasi mzigo ulikuwa unageuka, sisi ndo tunatembeza sahani. Na Kwaresima yetu majirani walikuwa wanaijua kuliko Wakristo wengine, kuna bibi wa nyumba ya pili Ijumaa ya Kwaresima alikuwa anatuletea samaki tu, akijua siku hio hatuli nyama.

Msidhani alikuwa malaika. Kwetu sisi watoto wake alikuwa mkali kupita kiasi na sijui kwanini watoto wa watu aliwavumilia na sisi hatukuvumiliwa. Nilipokwenda kusoma Dar nikamuandikia barua ya kwanza, ndefu, nimelia humo ndani kwa kumkumbuka, nikapata jibu. Nafungua bahasha naikuta barua yake na barua yangu mwenyewe, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, nukta na herufi kubwa, juu kaandika 6/10, jitahidi. Hata simu za mkononi zilipokuja, ukimtumia meseji ya mkato hakujibu. Akisoma haya nnavoandika hapa angenipa 4.

Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa ule waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara, watu waliteseka, biashara zilikufa, maji hakuna mana pampu haziendi, genereta zinanguruma kila kona kwa mwenye nazo. Mama alikuwa na karabai ya zamani ya marehemu baba. Akaisafisha, akaitia mafuta, akaitundika barazani, akaweka meza asahihishe madaftari. Mtoto wa jirani akaja na daftari lake kwa ajili ya mwanga tu. Wa pili akaja. Kufika Januari baraza haina nafasi, watoto wa mtaa mzima wako pale, na yeye si mtu wa kukaa na watoto bila ya kufundisha, basi ikawa darasa. Umeme ukarudi, watoto hawakuondoka. Alipostaafu 2012 hio ndo ikawa kazi yake, twisheni ya barazani jioni, malipo kinachopatikana, dagaa, mkungu wa ndizi, boflo mbili, asiyekuwa nacho hadaiwi.

Na magumu nlosema ntayasema ndo ya mwaka huo na unaofuata. Mei 2012 kulikuwa na vurugu, makanisa yakachomwa moto. Novemba Sheikh Fadhil Soraga akamwagiwa tindikali, sheikh wa watu, mtu wa amani, mama alimsikitikia sana. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda akapigwa risasi, Mungu akamnusuru. Halafu Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 17 Februari 2013, asubuhi, Padri Evarist Mushi anakwenda kusalisha misa Mtoni, akapigwa risasi akafariki. Sisi tuko mjini tushamaliza misa, habari ikatukuta njiani, tumerudi nyumbani hatusemi.

Kaka yangu akapiga simu kutoka Dar hapo hapo, akasema mama pandeni boti ya kesho, wote. Mama akamwambia tutaongea. Mlango ukagongwa, bibi wa nyumba ya pili, ndo huyo wa samaki, kavaa buibui lake kaingia kakaa kwenye kiti cha mlangoni. Hakusema pole nyingi. Kakaa tu pale mlangoni kuanzia saa tano mpaka magharibi, anatoka kwenda kusali anarudi, akiletewa chakula anakula, na kila anaepita njiani anamuona yuko pale. Nilikuja kuelewa baadae alikuwa anafanya nini. Mama alielewa muda ule ule, mana nilimuona jikoni anamkaangia samaki huku analia kwa sauti, sijawahi kumuona vile hata kwa baba.

Kesho yake Jumatatu alaasiri sisi tunajua darasa halipo. Watoto wakaja. Wote, hakukosa hata mmoja, na mimi ninavofahamu mtoto wa miaka saba hajiamulii, kuna mtu nyumbani kamvalisha kofia kampa daftari kamwambia nenda kwa Mwalimu. Mmoja akauliza kwa sauti kama walivo, Mwalimu, padri wenu kauliwa? Mama akasema ndio mwanangu, kauliwa. Nani kamuua? Sijui. Kimya kidogo. Haya, fungua pale tulipoachia, soma. Na Ijumaa yake akavaa kitenge chake akaenda kwenye Njia ya Msalaba, peke yake, kwa miguu, Vuga ile ile, tukimkataza hasikii.

Hakuhama. Kaka mpaka leo anasema ulikuwa ubishi na alituweka sote roho juu, na sina cha kumjibu mana kweli tulikuwa roho juu miezi mingi. Ila namuuliza, angehamia Dar angekuwa nani? Mama wa fulani, anakaa kwa mwanawe Tabata, anatizama tivii. Huku alikuwa Mwalimu.

Sukari ilimuondoa taratibu, kwanza mguu, halafu macho, na macho ndo yalimuuma zaidi kwa sababu ya kusahihisha. Watoto wakawa wanamsomea kwa sauti naye anasahihisha kwa masikio. Padri alikuja kumpaka mafuta matakatifu, akafariki usiku wa kuamkia Jumatano, Novemba 2019, yuko kitandani kwake, dada yangu kamshika mkono.

Msiba wenyewe ulikuwa na vurugu yake, nisiupambe. WAWATA wanataka kuimba, kina mama wa mtaani wanataka kupika, masufuria yameletwa kutoka kila nyumba hayajulikani ya nani, mtu mmoja kaja kuuliza tanga siku ngapi, tatu au saba, mwengine anamwambia kwao ni arobaini, wanabishana kwenye ngazi. Jeneza kutoka ndani mpaka kwenye gari ni hatua chache tu, imechukua zaidi ya nusu saa mana kila kijana anataka kulishika, anapewa mwengine, anapewa mwengine, madereva wa dala, askari, daktari mmoja kijana kaja na koti lake la kazi, wachuuzi wa Darajani. Wengi wao walikuja mpaka Minara Miwili. Wapo walobaki nje uwanjani na kofia zao mpaka misa ikaisha, wapo walioingia wakakaa mabenchi ya nyuma. Yule ustadhi mzee alishatangulia miaka mingi, lakini mwanawe, ambae ndo anaendesha chuo sasa, alikuja nyumbani jioni akakaa na sisi barazani. Yeye ni mashoto. Aliniambia mwenyewe, nilikuwa sijui.

Tulipokuja kugawana vitu hakukuwa na vitu. Rozari kaichukua dada, anakaa Fuoni. Mimi nikachukua rejista, mabuku ya majina tokea huko Pemba 1973, mengine yameliwa na mchwa. Mwanzo kila mtu alikuwa anadai vyote viwili. Sasa tumefika mahali kwamba jioni dada ananipigia simu ananiuliza leo nani, mimi nafungua nasoma jina, yeye anasali na mimi naitikia kwa simu mpaka salio liishe. Watu wenyewe wengi washakuwa wazee, wana wajukuu. Wiki iliopita zamu ikamfikia bwana mmoja wa darasa la 1988, tunamjua vizuri sote wawili mana ndo alotuuzia kiwanja kumbe kishauzwa kwa mtu mwengine na kesi mpaka leo iko mahakamani. Dada akasema mruke huyo. Nikamwambia siruki jina. Akasema basi soma wewe. Tumegombana pale karibu robo saa na salio linakwenda, mwisho tumemsalia, ila dada alikwenda mbio mbio.